Barua ya wazi kwa viongozi wa Bunge la Kentucky: mwalimu asiingie Bungeni kwa hasira tu

Kwa Mheshimiwa David Osborne, Spika wa Baraza la Wawakilishi, na Mheshimiwa Robert Stivers, Rais wa Seneti, Frankfort.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Lexington. Nawaandikia kwa Kiswahili, na msidhani ni jeuri. Shule za Kaunti ya Fayette hunitumia barua kwa Kiswahili zinapokuwa na jambo la kunieleza kuhusu mwanangu, kwa sababu familia zinazozungumza lugha hii hapa mjini ni nyingi: Wakongomani kwa wingi, baadhi yao waliopitia kambi za Kigoma, na sisi wachache tuliotoka Tanzania na Kenya. Kama mwalimu wa darasa la tatu anapata mkalimani, ofisi ya Spika haitakosa. Isitoshe, nataka majirani zangu waisome kwanza. Wengi wao wameshaapa uraia, wana kadi za kupigia kura, lakini habari za Frankfort, makao makuu ya jimbo letu, huwafikia mambo yakiwa yameshakwisha.

Ninalo jambo moja. Mwalimu anayefundisha hawezi kuingia kwenye Bunge lenu isipokuwa amefikishwa mahali pa kukasirika, na akishaingia hapewi nafasi ya kuutumia ualimu wake. Hili linatokana na namna mnavyoendesha shughuli zenu, na sehemu yake kubwa mnaweza kuirekebisha kwa kanuni za ndani bila kugusa Katiba ya jimbo.

Ushahidi wangu ni Travis Brenda, mwalimu wa hisabati wa Kaunti ya Rockcastle. Ninyi mnamfahamu, mlikaa naye miaka miwili. Wasomaji wangu hawamfahamu, kwa hiyo nitamweleza kwa kirefu kidogo.

Mwezi Machi 2018 palikuwa na muswada wa Seneti namba 151. Ulipoanza safari yake ulihusu majitaka, mambo ya huduma za mabomba na mitambo ya kusafisha maji machafu. Ulisomwa ukiwa wa majitaka. Tarehe 29 Machi, kamati ikafuta kila kilichokuwemo na kuingiza kurasa 291 za kubadili pensheni za watumishi wa umma, walimu wakiwemo. Siku hiyohiyo Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 49 dhidi ya 46, Seneti ikaupitisha kwa 22 dhidi ya 15. Nani alizisoma kurasa 291 kati ya mchana na usiku? Mimi najua mtu mmoja tu ambaye kazi yake humlazimu kusoma rundo la karatasi za watu wengine kwa usiku mmoja na kuyakamata makosa, na huyo ni mwalimu. Ila mwalimu siku hiyo alikuwa darasani.

Majirani wataniuliza kwa nini pensheni iliwachoma walimu kiasi kile. Ni kwa sababu walimu wa Kentucky hawachangii mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ule tunaokatwa sisi wengine kwenye kila mshahara. Mwalimu wa hapa akistaafu hana pa kukimbilia zaidi ya pensheni ya jimbo. Muswada ule ulikuwa unawahamishia walimu wapya kwenye mpango mwingine, na ulikuwa unaweka kikomo kwenye siku za likizo ya ugonjwa ambazo mwalimu huzitunza bila kuzitumia ili zimsaidie wakati wa kustaafu. Ukiligusa hilo umegusa ugali wa mtu wa miaka sabini.

Kesho yake walimu wengi walipiga simu kuwa wanaumwa, na shule katika kaunti nyingi zikafungwa. Tarehe 2 Aprili walijaa Frankfort na mabango. Gavana Matt Bevin alitia saini, na kabla ya katikati ya mwezi akasema hadharani kuwa watoto walioachwa bila mwangalizi siku walimu walipoandamana lazima baadhi yao walidhalilishwa kingono. Baadaye aliomba radhi. Lakini neno likishatoka halirudi, na walimu waliliweka moyoni.

Ndipo Travis Brenda wa Rockcastle akaingia kwenye simulizi. Mwalimu wa hisabati wa sekondari, mwanachama wa Republican, mtu ambaye jina lake halikuwahi kuvuma mbali na kaunti yake. Aliyekuwa akimkabili kwenye kura za maoni za chama alikuwa Jonathan Shell, Kiongozi wa Walio Wengi bungeni, kijana aliyekuwa anapanda ngazi kwa kasi na mmoja wa waliousukuma muswada ule. Kwa hesabu ya kawaida ya siasa, mwalimu asingefua dafu. Tarehe 22 Mei 2018, Brenda alimshinda kwa kura 123.

Kura 123 ni ukumbi mmoja wa shule ya kijijini uliojaa nusu. Ni wazazi wa wanafunzi wake, wapishi wa kantini, madereva wa mabasi ya njano. Mimi chama chake mara nyingi sikipigii kura, tena nadhani katika mambo kadhaa tungebishana mpaka chai ipoe. Lakini hesabu ile naiheshimu.

Desemba 13 mwaka uleule Mahakama ya Juu ya Kentucky, majaji wote kwa kauli moja, ikaibatilisha sheria ile. Kifungu cha 46 cha Katiba ya jimbo kinataka muswada usomwe kwa siku tatu tofauti katika kila baraza, na majaji wakasema kuusoma muswada wa majitaka hakuwezi kuhesabiwa kuwa umesomwa muswada wa pensheni. Siku nne baadaye Gavana akawaita kwa kikao cha dharura ili muupitishe upya. Mlikaa siku moja hivi mkaahirisha bila kitu. Nawapongeza kwa hilo, sina shida kusifu pale panapostahili.

Mwaka 2019 Bevin akashindwa na Andy Beshear, kwa tofauti ya kura zilizozidi 5,000 kidogo kati ya zaidi ya milioni 1.4, na mgombea mwenza wa Beshear alikuwa Jacqueline Coleman, mwalimu aliyewahi kuwa naibu mkuu wa shule.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, na wengi huiishia hapo. Lakini Brenda alikaa kipindi kimoja tu. Mwaka 2020, kwenye kura za maoni za chama chake, akashindwa kwa kura chache kama alivyoshinda, na kiti kikaenda kwa mwingine. Sisemi alionewa, wapiga kura wana haki ya kumrudisha mtu nyumbani. Ninachouliza ni kingine. Mwalimu aliyeingia kwa wimbi la mwaka mmoja, wimbi likishapungua, anabakiwa na nini cha kumshikilia?

Angalieni kalenda. Mwaka unaogawanyika kwa mbili mnakaa hadi siku 60, mwisho tarehe 15 Aprili. Mwaka mwingine siku 30, mwisho tarehe 30 Machi. Vyote vinaanza Januari. Ubunge wa Kentucky ni kazi ya muda, mnalipwa kwa siku, na inategemewa kila mbunge awe na kazi nyingine ya kumlisha. Wakili anaweza kusogeza kesi. Mwenye kampuni ana meneja. Mkulima, Januari ardhi imeganda. Lakini mwalimu? Januari hadi Aprili ndiyo miezi mizito kuliko yote ya mwaka wa shule. Kutoka Mount Vernon, makao ya Kaunti ya Rockcastle, hadi Frankfort ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari barabara ikiwa nzuri. Hawezi kufundisha kipindi cha kwanza halafu awahi kamati ya saa nne.

Mlikuwa na mwalimu mmoja aliyedumu, na kudumu kwake kunanifundisha jambo. Derrick Graham alifundisha katika shule ya sekondari ya Frankfort, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2003, akamaliza akiwa kiongozi wa kambi ya walio wachache, akastaafu siasa mwishoni mwa muhula wa 2024. Miaka zaidi ya ishirini. Ni mtu wa kipaji, sikatai. Ila shule aliyofundisha na jengo la Bunge viko katika mji mmoja! Jimbo hili lina kaunti 120, na walimu wa 119 kati yake hawana bahati hiyo.

Na Tina Bojanowski, mwalimu wa elimu maalumu wa Louisville aliyechaguliwa katika wimbi lilelile la 2018, naye anatoka mji ulio chini ya saa moja kutoka kwenu. Mtu wa Pikeville, kule mbali mashariki mwa jimbo, afanyeje?

Kwetu Tanzania tunalijua chaguo hili la chaki au siasa. Mwaka 1955 Julius Nyerere alitakiwa achague kati ya kufundisha Pugu na kuongoza TANU, akaacha kufundisha. Ule ulikuwa utawala wa kikoloni uliotaka walimu wakae mbali na madaraka. Ninyi hamtaki hivyo, naamini. Basi msiiache kalenda iwafanyie kazi ambayo wenyewe hamkuikusudia.

Sasa niwaeleze kwa nini mimi, mpakiaji mizigo ghalani, nahangaika na ajira ya walimu.

Mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu kwenye mkutano wa wazazi, nimsaidie lugha. Mwanawe alifika Lexington mwezi Februari kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa hajawahi kuona theluji wala kushika kompyuta. Mwalimu wa Kiingereza cha wageni alikuwa amebandika vikaratasi kwenye kila kitu darasani, Kiingereza juu, Kiswahili chini: mlango, kiti, kabati. Dirisha alikuwa ameliandika "dirsha". Mtoto, ambaye kwa wiki tatu alikuwa hajatamka kitu mbele ya watu, alinyanyuka na penseli akachomeka herufi ya i. Mwalimu alituonyesha kile kikaratasi kama mtu anayeonyesha cheti cha shahada.

Nikamwambia, mtu kama wewe ndiye wa kwenda Frankfort. Akacheka, akafungua kalenda kwenye simu. Mtihani wa ACCESS, ule wa kupima Kiingereza cha wanafunzi wageni, hufanyika Januari na Februari. Ninyi mko kwenye kikao. Ripoti, mikutano ya wazazi, maandalizi ya mitihani ya jimbo: Machi na Aprili. Mko kwenye kikao. "Ningemwachia nani hawa?" akauliza.

Yeye anajua kitu ambacho Bungeni hukiona kama tarakimu tu. Fedha za shule katika jimbo hili hugawiwa kwa fomula mnayoiita SEEK, kwa kila mwanafunzi, kwa wastani wa mahudhurio. Katika mwaka wa fedha 2023-24 kiwango cha msingi kilikuwa dola 4,200. Mwanafunzi ambaye hajakijua Kiingereza huongezewa asilimia 9.6 ya kiwango hicho, yaani kama dola 403. Kwa mwaka mzima. Pigeni hesabu: mkalimani, vitabu, mwalimu wa ziada, muda wa kumtuliza mtoto aliyekulia kambini, vyote kwa pesa ambayo ukiigawa kwa siku za masomo haifiki dola tatu. Na kwa kuwa fomula huangalia mahudhurio, mtoto anayekosa siku kwa sababu mama yake anafanya kazi zamu ya usiku na hakuna wa kumpeleka kituo cha basi, shule yake ndiyo inayopunjwa. Mwalimu anayaona hayo saa mbili asubuhi anapoita majina. Laiti angekuwemo kwenye kamati ya bajeti, asingehitaji mtaalamu wa kumweleza.

Nazijua hoja mtakazonijibu. Ya kwanza ni mgongano wa maslahi: mwalimu atapigaje kura juu ya mshahara wake na pensheni yake? Haya. Jonathan Shell, yule aliyeangushwa kwa kura 123, ni mkulima. Mwaka 2023 wananchi walimchagua kuwa Kamishna wa Kilimo wa jimbo, na sikumsikia mtu akilalamika kwamba mkulima atajipendelea. Mawakili hutunga sheria ambazo wao wenyewe watakwenda kuzitetea mahakamani kwa malipo. Wenye farasi hupigia kura mambo ya farasi, na hapa Kentucky mambo ya farasi si madogo. Kwa nini mwalimu peke yake ndiye aonekane amekuja na mkoba wa kubebea pesa?

Ya pili ina uzito zaidi: kwamba walimu wastaafu na wakuu wa shule wa zamani mnao, wamekaa pande zote mbili za ukumbi. Kweli mnao, na wamefanya kazi. Lakini mstaafu anaikumbuka shule aliyoiacha. Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili walikuwa wachache mno miaka ishirini iliyopita. Leo mabasi ya Lexington yamejaa. Hakukuwa na simu mikononi mwa watoto wa darasa la tano. Hakukuwa na korona nyuma yetu. Mstaafu awepo, na anayefundisha leo naye awepo, waelezane.

Na msije mkaniambia wananchi hawajali. Novemba 2024 mliwapelekea wapiga kura pendekezo la pili la kubadili Katiba, ili fedha za umma ziweze kwenda kwenye shule zisizo za umma. Takriban asilimia 65 walikataa. Lilishindwa katika kaunti zote 120, Rockcastle ikiwemo, kaunti ambazo karibu zote siku hiyohiyo zilimpa Donald Trump ushindi. Mtu aliyetia alama kwa chama chenu cha Republican juu ya karatasi alishuka chini akaitetea shule ya umma. Tangu mwaka 1989, Mahakama iliposema katika kesi ya Rose kwamba mfumo mzima wa shule za jimbo haukidhi Katiba na mkalazimika kuuunda upya mwaka uliofuata, watu wa Kentucky wamelifuatilia jambo hili kwa macho mawili.

Sasa maombi yangu. Tarehe za vikao zimo kwenye Katiba, siwaambii mzivunje. Yafuatayo yako mikononi mwenu.

La kwanza na kubwa: muswada ukibadilishwa na kamati mpaka ukawa unahusu jambo jingine, ulale angalau siku mbili za kazi, maandishi mapya yakiwa hadharani, kabla ya kupigiwa kura na baraza lolote. Msisubiri majaji wawaambie tena. Na kama muswada unagusa pensheni, hesabu za wataalamu wa mifuko ziwekwe mezani pamoja nao. Mbunge mwalimu ana faida gani kama ujuzi wake wa kusoma na kukagua haupewi hata usiku mmoja? Brenda alichaguliwa kwa sababu ya karatasi ambazo hazikusomwa. Miswada inayofumuliwa dakika za mwisho ndiyo inayowafanya wabunge wa kawaida wote, walimu kwa wasio walimu, kuwa watu wa kunyoosha mikono.

Jingine, kamati za elimu za mabaraza yote mawili zikutane alasiri baada ya shule kutoka, angalau mara moja kwa wiki mkiwa kwenye kikao, na mwalimu wa mbali aruhusiwe kutoa maoni kwa video. Korona ilishatufundisha kwamba inawezekana. Mwanangu alisoma hesabu za sehemu kwenye skrini iliyopasuka.

Halafu kuna ile miezi kati ya vikao, Juni na kuendelea, kamati zenu za pamoja zinapokutana. Juni na Julai shule zimefungwa. Hiyo ndiyo miezi ya kuwaita walimu walioko kazini, na ndiyo miezi ya kutoka Frankfort mwende Hazard, Paducah, Bowling Green. Mkija Lexington, wekeni mkalimani wa Kiswahili na wa Kihispania, tutajaa.

La mwisho ni la fedha. Posho za mbunge zipangwe kwa namna ambayo mwalimu anayechukua likizo bila malipo kuanzia Januari hatajikuta ameshindwa kulipa nyumba ifikapo Aprili. Najua kujiongezea posho ni jambo lenye aibu kisiasa na wapinzani wenu watalitumia. Mimi nitawatetea hapa mtaani, kwa Kiswahili, kama mtalieleza hivyo.

Nakala ya barua hii, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza niliyosaidiwa na kijana wa jirani, nitaipeleka kwa wabunge wa Kaunti ya Fayette na kwa wajumbe wa kamati za elimu. Nitashukuru kujulishwa ni kamati gani italichukua suala la miswada kulala siku mbili, na litajadiliwa lini. Kama ni Juni, nitaomba ruhusa kazini na nitakuwepo, na yule mwalimu wa vikaratasi ameahidi kuja.

Wenu katika ujenzi wa jimbo,

Mzazi na mpiga kura,
Lexington, Kaunti ya Fayette